Barua Zinaingia, Hazitoki

Fundi ameitwa ofisini, na malalamiko ni yaleyale: barua pepe zinaingia vizuri, lakini hazitoki. Anafungua programu ya barua, iwe Outlook au Thunderbird, anaingia kwenye mipangilio ya akaunti na kushuka hadi sehemu ya seva ya barua zinazotoka. Hapo anakuta visanduku vitano: jina la seva, namba ya poti, ulinzi wa muunganisho, njia ya uthibitisho na jina la mtumiaji. Kwenye poti anafuta 25, anaandika 587. Kwenye ulinzi anachagua STARTTLS. Anawasha uthibitisho kwa nywila, anajaribu kutuma, na barua inaondoka.

Kazi ya dakika tano. Lakini visanduku hivyo havikuwekwa siku moja. Vilikuja kimoja kimoja, kwa zaidi ya miaka 30, na kila kimoja kilizaliwa baada ya tatizo fulani kuwafika watu. Ukivisoma kwa mpangilio wa miaka, unapata habari ya mtandao uliojengwa na watu waliofahamiana, kisha ukajaa wageni.

Aliyewahi kuwa na sanduku la posta ataielewa habari hii haraka. Sanduku la S.L.P. lina ufunguo, na asiye na ufunguo hachukui barua. Kutuma ni kitu kingine: mtu anatumbukiza bahasha kwenye tundu la ukutani na kwenda zake. Hakuna anayemuuliza ni nani. Hata jina la mtumaji nyuma ya bahasha anaweza kuandika analotaka. Barua pepe ilijengwa hivyohivyo, yenye ufunguo upande wa kupokea na tundu wazi upande wa kutuma.

Mwanzoni hapakuwa hata na haja ya kuzitenga pande hizo mbili. Mwaka 1971, mhandisi Ray Tomlinson alikuwa katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alichukua SNDMSG, programu iliyowawezesha watumiaji wa kompyuta moja kuachiana ujumbe, akaiunganisha na CPYNET, programu ya kuhamisha mafaili, na ujumbe ukavuka kutoka mashine moja ya PDP-10 hadi nyingine. Mashine hizo zilikaa ubavu kwa ubavu, lakini kilichoziunganisha kilikuwa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake, Tomlinson alichagua alama ya @.

Mtumiaji wa zama hizo hakupanga chochote. Aliketi mbele ya kibao cha herufi kilichounganishwa na kompyuta kubwa ya chuo au maabara, akaingia kwa jina na nywila yake, akaandika. Kompyuta hiyohiyo ndiyo iliyokuwa posta yake: ilipokea, ilihifadhi na kutuma. Kwa miaka kadhaa barua zilisafiri mtandaoni zikiwa zimebebwa na itifaki ya kuhamisha mafaili, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Aliyeipatia barua njia yake mwenyewe ni Jon Postel. Alifanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, huko Marina del Rey, na mkononi mwake ndimo ilimokuwa orodha ya namba zote ambazo mtandao ulizitegemea. Kompyuta moja huendesha huduma nyingi kwa pamoja, na kila huduma husikiliza kwenye mlango wake wenye namba, ambao mafundi huuita poti. Barua zilipewa poti namba 25. Agosti 1982 Postel alitoa waraka ujulikanao kama RFC 821, ulioeleza itifaki nyepesi ya kupeleka barua: SMTP.

Ndani ya waraka huo Postel aliweka mfano wa mazungumzo ya mashine mbili. Mtu aitwaye Smith, kwenye mashine ya Alpha, anawaandikia Jones, Green na Brown walio kwenye mashine ya Beta. Mazungumzo ya namna hiyo hufunguliwa kwa neno HELO: Alpha inapiga hodi na kujitaja jina. Beta inaitikia kwa 250, namba yenye maana kwamba sawa, endelea. Alpha inamtaja mtumaji kwa MAIL FROM, kisha wapokeaji mmoja mmoja kwa RCPT TO. Jones anakubaliwa. Kwa Green, Beta inajibu 550: hapa hakuna mtu huyo. Brown naye anakubaliwa. Ndipo Alpha inasema DATA, inamimina barua yenyewe, na kuifunga kwa nukta moja inayokaa peke yake kwenye mstari.

Katika mazungumzo yote hayo Beta haikuuliza nywila. Haikutaka uthibitisho kwamba Smith ni Smith kweli, wala haikujali kama Alpha ina haki ya kuleta barua. Huu haukuwa uzembe. Anayepiga hodi alikuwa kompyuta kubwa ya taasisi inayojulikana, na Smith alikwisha kutoa nywila kwenye mashine yake kabla hajaandika neno. Tena mashine iliruhusiwa kupokea barua isiyo yake na kuipitisha mbele hadi kwa mwenyewe, kama jirani anavyokupokelea mzigo ukiwa safarini. Mistari ya simu ilikatika, mashine zilizimwa, na barua zilifika kwa sababu wengine walikubali kuzibeba.

Kilichovuruga mpango huo ni kompyuta ndogo ya mezani. Ilizimwa jioni, ilihamishwa, na haikuweza kukesha ikisubiri hodi za poti 25. Oktoba 1984, Joyce Reynolds, mwenzake Postel katika taasisi ileile, aliandika itifaki ya POP: barua zikae kwenye seva isiyolala, na mwenye kompyuta ndogo aje kuzichukua kwa jina na nywila. Toleo la tatu, POP3, lilifuata mwaka 1988. Wakati huohuo Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amebuni IMAP, inayomwachia mtu barua zake kwenye seva na kumwezesha kuzisoma akiwa popote.

Itifaki hizi zilikuwa na ufunguo wa sanduku. Kazi ya kutuma ziliiacha mikononi mwa SMTP, na hapo ndipo seva mbili za leo zilipozaliwa. Programu ya mezani ilitakiwa ijue mahali pa kuchukulia barua na, kando, mahali pa kuzitumbukiza.

Moja ya programu za kwanza kulileta jambo hili machoni pa mtumiaji wa kawaida ni Eudora, iliyoandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois. Jina alilitoa kwa mwandishi Eudora Welty, aliyetunga hadithi ya mwanamke anayehamia kuishi kwenye ofisi ya posta. Baadaye Dorner alikwenda na programu yake katika kampuni ya Qualcomm, na mamilioni ya watu wakajifunzia humo kutuma barua pepe. Kwa upande wa kutuma, mtumiaji alihitaji kujua jina la seva. Poti ilikuwa 25 daima, na nywila haikuombwa.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Novemba 1988, poti 25 ilionyesha udhaifu wake. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, na maelfu ya kompyuta zikalemewa. Moja ya njia ilizopitia ni Sendmail, programu ya seva iliyoandikwa na Eric Allman huko Berkeley na kutumiwa na sehemu kubwa ya mtandao. Sendmail ilikuwa na amri ya majaribio iliyosahaulika ikiwa wazi. Mgeni aliyebisha poti 25 aliweza kuitumia kuiamuru mashine ifanye kazi zake.

Afrika Mashariki iliingia kwenye barua pepe kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya kanda hii, vikiwemo Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, kwa modemu na teknolojia ya Fido, na shirika la GreenNet la London likawa lango la kwenda intaneti. Barua ziliandikwa mchana, zikarundikwa kwenye foleni, na simu ilipopigwa zilitoka na kuingia kwa mkupuo mmoja. Kwa aliyezoea mtindo huo, kutuma na kupokea vilikuwa safari moja. Intaneti kamili ilipofika katikati ya muongo huo, ndipo watu wengi walipokutana na dirisha lenye seva mbili na kujiuliza mbili za nini.

Kufikia wakati huo wageni walikuwa wamejaa. Tangazo la kwanza la biashara lililotumwa kwa mkupuo linajulikana tarehe yake: 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation aliwaandikia takribani watu 400 wa ARPANET kuwanadia kompyuta. Alikemewa na mambo yakaisha. Wauzaji wa miaka ya 1990 hawakujali kukemewa. Waligundua kwamba seva ya chuo chochote duniani itawapitishia barua milioni moja bila kuuliza, kwa ujirani uleule wa mwaka 1982. Mwenye seva aliamka asubuhi na kukuta foleni imefurika, laini imelemewa, na malalamiko yanamjia yeye.

Wenye mtandao walijibu kwa ukali. Wahandisi Paul Vixie na Dave Rand walianzisha California orodha ya anwani zilizofumbia macho barua taka, na seva nyingi zikakataa barua kutoka kwa aliyeorodheshwa. Mwaka 1998 likatoka toleo la 8.9 la Sendmail, na ndani yake desturi ya zaidi ya miaka 15 ikageuzwa: kupitisha barua za wengine kulikatazwa, isipokuwa pale msimamizi atakaporuhusu mwenyewe.

Lakini seva ingemtambuaje mtu wake? SMTP haikuwa na swali la nywila. Kilichobaki ni kutazama anwani ya kompyuta inayobisha: aliye ndani ya mtandao wa chuo apite, aliye nje akataliwe. Waliokaa maofisini hawakuona tofauti. Aliyebeba kompyuta yake hotelini au nyumbani ndiye aliyeumia. Alichukua barua zake kwa POP bila shida, kwa kuwa alikuwa na ufunguo. Alipojibu, seva ileile iliyomjua dakika moja iliyopita ilimrudishia 550: kupitisha kumekataliwa. Malalamiko ya barua kuingia bila kutoka yalianzia hapo.

Mafundi walibuni njia ya muda. Mtu achukue barua kwanza, na seva ikumbuke anwani aliyotokea. Kwa dakika chache zinazofuata, anayebisha poti 25 kutoka anwani hiyo aruhusiwe kutuma. Ndiyo maana watumiaji wengi wa miaka hiyo walielekezwa kubonyeza kitufe cha kupokea kabla ya kile cha kutuma, wasijue sababu.

Dawa yenyewe ilitoka Desemba 1998, katika waraka wa RFC 2476, ulioandikwa na Randall Gellens wa Qualcomm, nyumbani kwa Eudora, pamoja na John Klensin. Walisema kazi mbili zilizochanganywa tangu 1982 zitenganishwe. Seva inayomletea mwenzake barua iendelee kubisha poti 25. Mtu anayekabidhi barua yake mpya kwa seva yake mwenyewe apewe mlango tofauti, poti 587, ambako seva ina haki ya kumtaka ajitambulishe. Postel hakuuona waraka huo ukitoka. Alifariki tarehe 16 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 55.

Machi 1999 John Myers alitoa RFC 2554, iliyoipa SMTP swali ililolikosa kwa miaka 17: neno AUTH. Sasa tundu la ukutani lilikuwa na mlinzi. Outlook Express ya Microsoft, iliyofika kwenye kompyuta nyingi pamoja na Windows, ilikuwa na kisanduku cha kuweka alama ikiwa seva inahitaji uthibitisho. Matoleo yake ya awali yalitarajia seva itangaze AUTH kwa mwandiko tofauti na ule uliokuja kukubaliwa, wenye alama ya = mahali pa nafasi. Hadi leo Postfix, programu ya seva iliyoandikwa na Wietse Venema, ina mpangilio maalumu wa kuzisaidia programu hizo za zamani.

Nywila ilipoanza kusafiri, ilibidi ifunikwe. Kisanduku cha ulinzi kina historia iliyopinda kuliko vingine vyote. Mwaka 1997 poti 465 iliandikishwa kwa ajili ya SMTP iliyosimbwa tangu neno la kwanza. Muda mfupi baadaye wahandisi wakaona si busara kila huduma kuwa na milango miwili, mmoja wa siri na mmoja wa wazi. Wakachagua njia nyingine: mazungumzo yaanze wazi, kisha mteja aseme STARTTLS na pande zote mbili zijifunike. Waraka wa njia hiyo ulitoka Januari 1999. Usajili wa 465 ulikuwa umefutwa mwaka 1998, na baadaye namba hiyo ikapewa huduma nyingine kabisa.

Watumiaji hawakuiacha. Outlook Express haikuifahamu STARTTLS nje ya poti 25, kwa hiyo watoa huduma waliendelea kuweka 465 kwenye maelekezo yao, namba iliyokwisha kufutwa kwenye daftari. Fundi aliyepanga 587 na usimbaji wa tangu mwanzo, au 465 na STARTTLS, aliona programu ikizunguka bila jibu hadi muda ukaisha. Upande mmoja ulisubiri salamu ya wazi huku mwingine ukisubiri ya siri.

Mwaka 2003 ulifunga mjadala kuhusu poti 25. Mwezi Agosti ilisambaa Sobig.F, programu haribifu iliyobeba ndani yake uwezo wa kuzungumza SMTP, na kompyuta za majumbani zikawa zinamwaga barua bila wenyewe kujua. Watoa huduma wengi wa intaneti wakaifungia poti 25 kwa wateja wa kawaida. Tangu hapo, anayeacha 25 kwenye mipangilio ya kutuma anaweza kuwa na jina sahihi na nywila sahihi, na barua yake isivuke hata lango la mtoa huduma wake.

Ushauri uliozoeleka nao ukageuka. Zamani mtu aliambiwa atumie seva ya kutuma ya kampuni inayompa intaneti, haidhuru anwani yake ni ya wapi. Mwaka 2006 ulichapishwa mfumo wa SPF, unaomwezesha mwenye kikoa kutangaza seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Barua ya kikoa cha ofisi iliyotokea kwenye seva ya kampuni ya simu ikaanza kutiliwa shaka na kutupwa kwenye barua taka. Kila anwani ikalazimika kuwa na seva yake ya kutokea.

Udhaifu wa STARTTLS ulionekana wazi mwaka 2015, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na Google pamoja na wenzao. Kwa kuwa mazungumzo huanza wazi, kifaa kilicho katikati ya njia kinaweza kulifuta tangazo la STARTTLS na kuweka mfululizo wa herufi X. Seva inayotuma inadhani mwenzake hajui kujifunika, inaendelea bila kifuniko, na barua inasomeka njiani. Watafiti walipima barua zilizoelekea Gmail na kukuta kwamba kutoka Tunisia zaidi ya asilimia 96 zilivuliwa ulinzi kwa namna hiyo. Kenya ilikuwa takribani asilimia 24, na Uganda asilimia 23. Hapo zilipimwa barua za seva kwa seva, lakini hila hiyohiyo inaweza kumpata mtu anayetuma kutoka mezani kwake, ikiwa programu yake imepangwa kutumia usimbaji pale tu unapopatikana. Ndiyo sababu programu za sasa humtaka achague STARTTLS kwa lazima, ili ikikosekana barua isitoke kabisa.

Januari 2018, Keith Moore na Chris Newman walitoa RFC 8314. Iliagiza kwamba mazungumzo ya wazi kati ya mtumiaji na seva yake yaachwe, na ikairudisha poti 465 kwenye kazi yake ya mwanzo, safari hii kwa idhini kamili. Baada ya takribani miaka 20 nje ya daftari, namba ambayo mafundi hawakuacha kuiandika ikawa ndiyo inayopendekezwa, na 587 ikabaki kwa wanaoihitaji.

Hata nywila yenyewe imeanza kuondolewa. Thunderbird 3, ya Desemba 2009, ilikuwa imekwisha kumpunguzia mtu kazi kwa kutafuta mipangilio yenyewe mara anapoandika anwani yake. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa nywila ya kawaida. Asubuhi moja, mipangilio iliyofanya kazi kwa miaka ikagoma, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Mahali pa njia ya uthibitisho sasa huchaguliwa OAuth2: programu inafungua dirisha la Google, mtu anaingia humo, na programu inapewa kibali cha kutuma bila kuiona nywila. Ambaye programu yake ni ya zamani hutengenezewa na Google nywila ya pekee yenye herufi 16, kwa kazi hiyo moja.

Ofisini, fundi bado ameketi mbele ya skrini. Barua aliyoituma kwa majaribio imetoka kwenye kompyuta kupitia 587. Seva imepigiwa hodi, imejifunika kwa STARTTLS, imeuliza nywila na kuridhika. Kisha imegeuka kuitafuta seva ya mpokeaji na kubisha poti namba 25, ambako mashine bado hukutana zenyewe kwa maneno aliyoyaandika Postel: MAIL FROM, RCPT TO, DATA. Barua inamiminwa hadi mwisho, inafuata nukta moja kwenye mstari wake, na upande wa pili unajibu 250.